Muulize Mjomba: Pesa ya bati imeishia kwenye meza ya poka

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mpwa wako wa hapahapa Mtwara mjini, nakaa Chikongola, umri wangu miaka 41. Nina kaduka ka spea za pikipiki, mke mmoja na watoto watatu. Sinywi pombe, sivuti sigara, na ukiuliza mtaani watakwambia yule ni mtu wa nyumbani. Nayasema haya mapema ili usije ukanisoma vibaya huko mbele.

Mwaka jana mwezi wa nane rafiki yangu mmoja, dereva wa lori la korosho, alinipeleka kasino. Nilidhani ni yale mashine ya kuzungusha picha za matunda, kumbe kuna meza ya poka. Siyo ile ya kushindana na kasino yenyewe. Hii mnacheza ninyi kwa ninyi, watu wanane, dila kazi yake kugawa tu. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, halafu zinafunuliwa tano mezani: tatu kwanza, kisha moja, kisha ya mwisho ambayo wenyewe wanaiita riva. Unaingia na laki moja. Kasino inakata asilimia 5 tu ya kila mzigo unaoliwa, yaani pesa zote zilizowekwa mezani katika mzunguko mmoja.

Mjomba, mimi karata nazipenda tangu shule. Mchezo huu uliniingia siku ileile. Unatumia akili, unamsoma mtu machoni, unampiga mkwara anatupa karata zake nzuri na wewe unakula mzigo huku umeshika takataka. Baada ya mwezi wakaanza kuniita Profesa. Nikawa naenda karibu kila Jumamosi, saa nne usiku mpaka saa kumi alfajiri. Nyumbani nilisema tuna ulinzi shirikishi.

Agosti mpaka Oktoba nilikuwa naliwa kidogo kidogo, leo elfu hamsini, kesho laki. Niliihesabu kama ada ya kujifunza. Novemba mambo yakafunguka. Usiku mmoja nikaondoka na faida ya 640,000. Desemba, wiki ya kabla ya mwaka mpya, nikala 1,850,000. Nilitembea kwa miguu kutoka kule mpaka nyumbani, nilihisi nikipanda bodaboda furaha itaisha njiani. Kesho yake nikamnunulia mke wangu friza la 950,000, maana siku nyingi alikuwa akitamani biashara ya barafu na juisi ya ukwaju. Nikamwambia kuna tajiri wa korosho kanunua matairi mengi dukani kwa ajili ya pikipiki za makarani wake. Januari nikala tena 300,000, nikaliwa laki mbili mara mbili. Februari sikwenda, nilikuwa na msiba Masasi.

Kuanzia Machi, Mjomba, sijui nimekosea wapi. Machi na Aprili kila nikienda naliwa, mara laki, mara mbili. Mei nikachukua pesa ya bati. Tuna nyumba Naliendele, ukuta umeshafika juu, tumeweka 1,200,000 kwenye laini yangu ya simu. Yangu 700,000, ya mke wangu 500,000 kutokana na hizo barafu. Nilisema nichukue kidogo, nirudishe palepale.

Jumamosi ya kwanza niliingia na laki tatu. Nikapata ree mbili, karata nzuri kuliko zote. Jamaa mmoja ana K mbili. Tukaweka pesa zote. Mpaka karata ya nne mimi ndiye ninayeongoza. Riva ikaja K, akawa na K tatu, ree zangu mbili zikafa. Nilihisi mtu amenimwagia maji ya friza. Nikanunua tena chipu za laki nne, saa kumi sina kitu. Wiki iliyofuata niliingia na laki tano zilizobaki. Nikawa na kopa nne, nasubiri ya tano maana tano za aina moja ni karata kali, imebaki karata moja tu ifunuliwe. Mezani pana laki mbili, jamaa akatupia laki tatu juu yake. Nikasema bahati haiwezi kunikimbia mara mbili, nikafuata. Ikaja shupaza. Laki iliyobaki hata sikumbuki ilivyokwenda.

Mke wangu kila wiki ananiuliza lini tunakwenda kununua bati. Nimemwambia bei imepanda, tusubiri ishuke.

Mjomba, nikijumlisha, mimi mpaka leo niko mbele. Nimekula jumla 2,790,000. Ukitoa bati na zile laki nne za Januari, bado niko juu kwa milioni moja na ushei. Kwa hiyo uwezo ninao, tatizo ni bahati ya miezi hii. Naomba unishauri mambo matatu. Nitafute mtaji mdogo nicheze kwa utulivu nirudishe pesa ya bati, halafu niache? Nimwambie mke wangu au ninyamaze mpaka nirudishe? Na lile friza, maana mke wangu ni mtu wa dini, je, pesa yake ni haramu na hizo barafu anazouza ni haramu?

Wako mpwa, Profesa wa Chikongola.

*

Marahaba, mpwa wangu.

Kwanza nikuambie kwa nini barua yako nimeisoma mara tatu. Nimekaa miaka mingi kwenye chama cha msingi cha ushirika nikiwa karani wa mizani, nikipima korosho za watu. Kabla ya hapo, ujanani, nilikuwa kibarua bandarini, na poka nilifundishwa na mabaharia tukichezea njiti za kiberiti. Njiti zikawa senti, senti zikawa shilingi, na baiskeli yangu ya Phoenix ikaondoka na mtu ambaye meli yake ilikuwa inang'oa nanga alfajiri. Kwa hiyo naijua hiyo riva yako. Ya kwangu ilikuwa saba ya pau, na nimezeeka nayo.

Sasa tuanze na hesabu, maana swali lako la kwanza limesimama juu ya hesabu na hesabu yenyewe ni mbovu.

Unasema uko mbele kwa milioni moja na ushei. Nimechukua kalamu. Ulichokula umekitaja vizuri, tarehe na senti zake: 640,000, 1,850,000 na 300,000. Sikupingi, ni 2,790,000. Lakini ulicholiwa umekitaja kama mtu anayehesabu nzi. "Kidogo kidogo." "Mara laki, mara mbili." Agosti mpaka Oktoba, karibu kila Jumamosi; tuseme Jumamosi 12, kwa wastani wa 75,000. Hiyo ni 900,000. Machi na Aprili, Jumamosi nane kwa wastani wa 150,000. Hiyo ni 1,200,000. Ongeza Januari 400,000. Ongeza bati 1,200,000. Jumla 3,700,000. Toa ulichokula. Mpwa wangu, uko nyuma kwa 910,000, na sijahesabu bodaboda ya usiku, soda na mishikaki.

Usinielewe vibaya, wewe si mwongo. Mkulima naye ni hivyohivyo. Muulize bei aliyouzia korosho, atakutajia ile iliyotangazwa mnadani kwa sauti ya juu. Muulize alichoweka mfukoni, atakuna kichwa. Ile ya mnadani ina shangwe, ya mfukoni ina makato.

Na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu wewe ni mtoto wa kusini na neno makato huhitaji kamusi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, ule wa korosho kukusanywa ghalani na kuuzwa mnadani, uanze huku kwetu mwaka 2007, nimeshuhudia watu wazima wakikunjana mashati kwa ajili ya shilingi kumi kwa kilo. Chama cha msingi kimekata, chama kikuu kimekata, halmashauri, ghala, usafiri. Mtu analeta gunia tatu na kelele za gunia thelathini. Wewe mwenyewe najua umewahi kugombana na karani. Lakini kasino unaandika "inakata asilimia 5 tu", na hiyo "tu" umeiandika wewe, si mimi.

Tuipime hiyo tu. Meza yenu ina watu wanane, kila mmoja kaingia na laki, kwa hiyo usiku unaanza na 800,000 mezani. Dila mzoefu anagawa mizunguko kama 25 kwa saa. Mizunguko mingine ina mzigo wa elfu nane, mingine wa laki. Chukua wastani wa 20,000. Asilimia 5 yake ni 1,000. Mara 25 ni 25,000 kwa saa. Saa nne usiku mpaka saa kumi alfajiri ni saa sita. Kasino imeondoka na 150,000 bila kushika karata hata moja, bila kuumia kichwa, bila kuitwa Profesa. Kwenye 800,000 zenu zimebaki 650,000. Kama nyote wanane mngekuwa na akili sawa na bahati sawa, kila mmoja angerudi nyumbani na 81,250. Jumamosi ijayo tena. Kwa Jumamosi nne mmekatwa 600,000, na hakuna aliyemshika mtu shati.

Kwa hiyo pale mezani hakuna pesa mpya inayozaliwa. Ni zenu wenyewe zinazunguka, na kila zikizunguka zinapungua. Ili mmoja wenu atoke na faida lazima kuna mwenzake anayeacha yake na makato ya wote juu yake. Swali ni nani huyo, na barua yako inajibu bila wewe kutaka.

Tazama tarehe zako. Ulikula Novemba, Desemba na Januari. Mtwara hii miezi hiyo ina nini? Minada ya korosho. Mjini kuna wanunuzi, makarani, madereva, mawakala wa meli, watu waliolala hotelini wiki tatu wana pesa na upweke. Wanakaa mezani wamechoka, wanafuata kila mzigo kwa sababu kesho wanasafiri. Wale ndio waliokuwekea friza nyumbani. Machi wamekwisha ondoka. Mmebaki ninyi wa Chikongola, Magomeni na Shangani, mnajuana mpaka mnavyokohoa. Mkwara wako wote wameshaujua. Halafu makato ni yaleyale. Hukukosea popote Machi, mpwa wangu. Walioondoka ni wageni. (Mji huu una kawaida hiyo. Bomba la gesi lilipokamilika 2015 na mafundi wakafunga mizigo, wapo watu waliobaki na nyumba za wageni zenye vyumba kumi na mgeni mmoja, naye ni shemeji.)

Sasa zile mbili zinazokuuma usiku. Ree mbili dhidi ya K mbili, pesa zote zikiingia mapema, ree zinashinda karibu mara 82 katika 100. Maana yake mara 18 zinaliwa. Si jini, si jicho la mtu, si kwamba bahati imekukimbia. Hapo ulicheza sawa, na kucheza sawa nako kunaliwa, ndivyo mchezo ulivyotengenezwa. Lakini soma tena sentensi yako mwenyewe. Riva ilikula laki tatu. Zile laki nne ulizonunua baadaye hazikuliwa na riva. Zile zililiwa na mtu aliyepandwa na mori saa nane usiku, anayetaka kumwonyesha jamaa wa K mbili kwamba yeye ni mwanamume. Mabaharia walikuwa wanamngojea mtu wa namna hiyo kama fisi. Na mimi walinila hivyohivyo, baiskeli sikuiliwa kwenye saba ya pau, niliiliwa kwenye mchezo wa nne baada ya saba ya pau.

Ile ya kopa sitakupaka mafuta. Karata ni 52. Uliziona sita: mbili zako na nne mezani. Zimebaki 46 usizozijua. Kopa jumla ni 13, nne unazo, zimebaki 9. Kwa hiyo katika hali kama ile, mara 9 kopa inakuja na unakula zile laki tano zilizokuwa mezani, na mara 37 haiji na unapoteza laki tatu. Piga: 9 mara 500,000 ni 4,500,000. Na 37 mara 300,000 ni 11,100,000. Tofauti ni 6,600,000 kwa mara 46. Kila unapofuata kwa bei ile unajichoma wastani wa 143,000, hata siku ile ambayo kopa inakuja na wenzako wanakupigia makofi. Wewe ungemuuzia mtu tairi kwa hasara ya 143,000 kwa sababu tu unahisi leo ni siku yako? Basi tusiiite bahati mbaya. Bahati mbaya ni ile ya ree.

Hayo yote sikuandikii ili urudi ukacheze vizuri zaidi. Nimeyaandika kwa sababu ulisema "uwezo ninao, tatizo ni bahati", na nimeona mtu anayeamini hivyo hakomi mpaka awe ameuza na tofali. Jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Mtaji mdogo utatoka wapi? Kwenye mzunguko wa duka. Utacheza na nani? Juni hii, na walewale saba. "Kwa utulivu"? Mtu mwenye mke anayeuliza bati kila wiki hana utulivu, ana haraka, na haraka ndiyo iliyokufanya ufuate kopa. Kingine, hata ukirudisha yote Jumamosi hii, utakuwa umejifunza kwamba pesa ya mke ikichukuliwa inaweza kurudi. Hilo ndilo somo ninaloliogopa kuliko kuliwa.

Maana nimesoma, "yangu 700,000, ya mke wangu 500,000". Umeiandika haraka ukapita. Mimi nimesimama hapo. Laki tano za barafu, mpwa wangu. Sijui anauza kipande shilingi ngapi, iwe mia au mia mbili, hebu hesabu ni vipande vingapi, na vingapi vilibebwa na watoto mpaka shuleni. Ulipoliwa za kwako ulikuwa mcheza karata. Ulipoingia kwenye laki tano zile ukawa kitu kingine, na jina lake sitaliandika kwa sababu barua zetu zinasomwa na watoto.

Kwa hiyo swali la pili lina jibu fupi. Mwambie, na mwambie wiki hii. Huku kwetu mke ana wajomba, na wewe ni mtu wa kusini, unajua mjomba wa mke akisikia jambo kabla mkeo hajalisikia kutoka kwako inakuwaje. Kitaitwa kikao. Watakaa watu kumi kwenye mkeka kuzungumzia ree zako. Mji huu ni mdogo na dereva wa lori ana mdomo, siri yako inaweza isifike Novemba.

Namna ya kumwambia nayo ina adabu yake. Usimwambie usiku, mtu aliyeambiwa jambo kama hili usiku hana pa kwenda. Mwambie mchana watoto wakiwa shule. Usianze na hadithi ya Desemba ulivyotembea kwa miguu. Usianze na "nilitaka kukufurahisha". Anza na tarakimu: pesa ya bati haipo, 1,200,000 yote, nimeicheza karata, laki tano zikiwa zako. Halafu nyamaza. Utatamani sana kueleza riva. Mezea. Yeye hajui riva ni nini na hana haja ya kujua siku hiyo. Akiuliza mengine, jibu. Akiuliza ulinzi shirikishi, jibu. Akiondoka kwenda kwa dada yake, mpe nauli na usimfuate kwa meseji hamsini.

Ukishamwambia, mwonyeshe utakavyorudisha, na hapa sitaki maneno, nataka daftari. Duka la spea la namna yako, mtu akijibana, anaweza kutenga 10,000 kwa siku. Milioni moja na laki mbili ni siku 120. Ukianza tarehe 1 Julai unamaliza mwisho wa Oktoba, na mvua huku kwetu zinaanza Novemba. Umeona? Bati zinaweza kuwa juu kabla ya ukuta kulowa, kwa pesa ya breki na cheni za pikipiki, bila K hata moja. Pesa isikae kwenye laini yako. Iende kwake kila jioni, kwa laini yake au mkononi, na aandike yeye. Laki tano zake zilipwe kwanza. Kwa hiyo siku 50 za mwanzo hulipi bati, unalipa deni la mke. Utaona zilivyo ndefu.

Friza. Mimi si sheikh. Aya ya 90 ya Suratul Maida unaijua na mkeo anaijua kuliko wewe, kamari imetajwa pamoja na ulevi kwa maneno yasiyohitaji Mjomba kuyafafanua. Kuhusu chombo kilichonunuliwa kwa pesa hiyo na faida ya mtu aliyefanya kazi bila kujua, nendeni kwa sheikh wenu, na nimesema nendeni, wawili. Ninachokijua ni hiki: yule mwanamke aliamka alfajiri, akachemsha ukwaju, akafunga vifuko, akauza, akidhani friza limetoka kwenye matairi. Yeye hakucheza. Lakini ni haki yake kuamua kama anataka kuendelea kulitumia, na hawezi kuamua jambo asilolijua. Kwa hiyo usiliuze kimyakimya ili "kujisafisha". Nimeshawaona wanaume wa namna hiyo, wanatubu kwa mali ya mke.

Limebaki moja ambalo hukuuliza. Umeandika kwamba wanakuita Profesa, na jina hilo umelitumia tena kwenye sahihi, mwisho wa barua yenye aibu yote hiyo. Nimelielewa. Dukani unaitwa "we fundi". Nyumbani unaitwa baba fulani. Kule mezani kuna taa nzuri, kiti cha kuzunguka, na watu wanaotulia wanapoona umenyanyua chipu. Pesa uliyoifuata ni kidogo, ulifuata na hilo. Sasa Jumamosi saa nne usiku itafika na miguu itakuwa inawasha. Usikae nyumbani ukitazama ukuta. Pale Mikindani na hata Magomeni kuna mabaraza ya bao, wazee wana mbao nzuri, mashimo 32, kete 64, kila kitu kiko wazi mbele ya macho, hakuna karata ya siri wala riva. Ukitaka kuonyesha akili nenda kaonyeshe kule, na jiandae kufungwa na mzee asiye na meno. Baraza halikati asilimia 5. Ukifungwa utachekwa, basi.

Na umpigie simu yule dereva umwambie asikupitie. Kasino nako, kabla hujabadili mawazo, nenda mchana umwambie meneja akuzuie mlangoni, mwachie na picha yako akitaka. Ni aibu ya dakika tano. Lakini kama miezi miwili ikipita na bado unaota kopa, unakosa usingizi, unatafuta mkopo wa simu ili ukacheze, hapo siyo suala la mjomba tena. Hospitali ya mkoa iko Ligula, nenda ukamwone daktari umweleze kama ulivyonieleza mimi, naye hatashangaa.

Baada ya nyumba kuezekwa utaniuliza kama unaweza kurudi mara mojamoja na elfu ishirini ya starehe. Ninakujua. Swali hilo usiniletee mimi, mpelekee mwenye friza.

Niandikie Novemba, mvua ya kwanza ikinyesha. Sitaki habari za karata. Nataka uniambie mlinunua bati za geji gani, na nani alikwenda kuzichagua.

Mjomba